Nomad na Uhura: Kuhakiki Upya Kisa cha Mashine Isiyokosea

Utangulizi

Msomaji ana haki ya kuuliza: jarida la itikadi lina shughuli gani na kisa cha televisheni ya Kimarekani kuhusu vyombo vya anga? Jibu ni kwamba kila kazi ya sanaa hubeba mawazo ya jamii iliyoizaa, yale ya kuiendeleza na yale ya kuirudisha nyuma. Vijana wetu wa Bukoba na Muleba wanaziangalia kazi za namna hii kila usiku katika simu zao, bila mkufunzi na bila mjadala. Kada anayezipuuza kwa kuwa ni za kigeni anawaachia wengine darasa. Wajibu wake ni kuzichambua, kupokea lililo jema, kukataa lililo baya, na kueleza sababu.

Kisa ninachokihakiki kinaitwa The Changeling. Ni kimoja kati ya visa 79 vya mfululizo wa Star Trek, ulioonyeshwa Marekani na kampuni ya NBC kuanzia 1966 hadi 1969. Kiliandikwa na John Meredyth Lucas, kikaongozwa na Marc Daniels, na kikaonyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 29 Septemba 1967. Wakati huo nchi yetu haikuwa na televisheni. Zanzibar ilianza katika miaka ya 1970, na Bara tulisubiri hadi 1994. Kwa hiyo kisa hiki kilitufikia kikiwa kimezeeka, tayari kimepewa jina la kazi bora ya zamani.

Mimi nimekitumia kufundishia kwa miaka kadhaa. Nilikisifu kwa jambo moja tu na kutoa humo somo moja tu. Makala hii inakusudia kueleza kwa nini tathmini ile ilikuwa nusu. Aliyenionyesha hivyo ni mwalimu mstaafu wa kisomo cha watu wazima huko Muleba, na nitafika kwake kwa utaratibu.

Kisa kwa ufupi

Chombo cha anga kiitwacho Enterprise, chini ya Kapteni Kirk, kinafika katika nyota zilizokuwa zikikaliwa na watu zaidi ya bilioni 4. Hakimkuti hata mmoja. Mara kinashambuliwa kwa nguvu kubwa, na mshambuliaji anagunduliwa kuwa mashine ndogo, ambayo mtu angeweza karibu kuikumbatia. Jina lake ni Nomad, maana yake mhamaji. Mashine hiyo ilitengenezwa Duniani na mtaalamu aitwaye Jackson Roykirk, ikatumwa kutafuta viumbe hai. Njiani iligongwa na kimondo ikaharibika. Ikakutana na mashine nyingine ya wageni, Tan Ru, iliyopewa kazi ya kukusanya udongo na kuusafisha vijidudu. Mashine mbili zikaungana, na kazi mbili zikachanganyika: kutafuta uhai kukawa kutafuta ukamilifu, na kusafisha udongo kukawa kuua kila kisichokamilika.

Nomad haimwui Kirk kwa sababu moja tu: jina lake linafanana na la Roykirk, nayo inamdhani ndiye muumba wake. Inaingizwa chomboni. Inamsikia Luteni Uhura, afisa mawasiliano, akiimba akiwa kazini. Haielewi wimbo ni nini, inamchunguza, na katika kumchunguza inafuta maarifa yote kichwani mwake. Mhandisi Scott anajaribu kumwokoa na kuuawa palepale. Nomad inamfufua Scott kwa amri ya Kirk, kama fundi anayetengeneza redio, lakini inasema Uhura haiwezi kumrudishia kilichofutwa. Daktari McCoy na muuguzi Chapel wanaanza kumfundisha upya tangu kusoma. Mwishoni Kirk anaibana mashine kwa mantiki: yeye si muumba wake, kwa hiyo imekosea, na ikiwa imekosea, sheria yake yenyewe inaihukumu kufa. Nomad inarushwa nje, inajilipua, na kisa kinaishia kwa utani wa Kirk.

Jina The Changeling linatokana na imani ya kale ya Ulaya, kwamba majini huiba mtoto mchanga na kuacha wao mahali pake, naye hukua akitumia jina la aliyeibwa. Tulikumbuke jina hili, maana tutalirudia.

Mazingira ya kihistoria

Haiwezekani kukielewa kisa bila kuutazama mwaka 1967. Marekani ilikuwa vitani Vietnam. Mwezi Julai mwaka huo Weusi wa Newark na Detroit waliingia barabarani dhidi ya dhuluma. Silaha za nyuklia zilikuwa zimekabidhiwa kwa mitambo kiasi kwamba mwananchi wa kawaida aliogopa, na aliogopa kwa haki, kwamba mtambo unaweza kukosea. Hofu hiyo ndiyo iliyomzaa Nomad.

Upande wa pili, Wamarekani Weusi walikuwa wakitafuta asili yao Afrika, na wengi waliikuta katika Kiswahili. Sikukuu ya Kwanzaa, ambayo misingi yake yote imepewa majina ya Kiswahili, ilianzishwa na Maulana Karenga mwaka 1966, mwaka uleule Star Trek ilipoanza. Jina Uhura nalo limetokana na neno letu uhuru. Mwigizaji Nichelle Nichols alieleza kwamba siku alipokwenda kufanyiwa majaribio alikuwa na riwaya ya Robert Ruark ya mwaka 1962 iitwayo Uhuru, na jina likachukuliwa humo na kubadilishwa kidogo. Hapa pana ukinzani wa kuangalia. Ruark alikuwa mwandishi Mmarekani mpenda uwindaji, aliyeitazama Kenya ya mkesha wa uhuru kwa jicho la walowezi. Neno la wapigania ukombozi lilipita mkononi mwa asiyeutaka ukombozi huo, likafika kwa mwanamke Mweusi wa Marekani, naye akalirudishia heshima yake.

Kwetu sisi mwaka 1967 ulikuwa mwaka wa Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari. Mwezi Machi Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria. Hivyo basi, katika miezi ambayo taifa hili lilikuwa likiamua kwamba Kiswahili ni lugha ya kumjenga mtu mwenye maarifa, studio ya Marekani ilimweka mbele ya kamera mwanamke anayezungumza Kiswahili, kisha ikamfuta kichwa. Wale hawakuwa na habari nasi. Lakini mhakiki hana budi kuyaweka mambo haya mawili pamoja, maana yanasemezana.

Ubora wa kisa

Kwa upande wa maudhui, kisa kimefaulu katika jambo kubwa, nalo ndilo nililokuwa nikilifundisha. Nomad haina chuki wala tamaa ya mali. Ni mtumishi mtiifu mno. Inatekeleza agizo hadi mwisho, na msiba wote unatokana na kwamba agizo lenyewe limeharibika nayo haijui. Ilitumwa kutafuta uhai. Inaua uhai, huku ikiamini kwamba inaendelea na kazi ileile. Hapa ndipo jina la kisa linapofaa: lile umbo, lile jina, lakini aliyemo ndani ni mwingine. Historia ya vyama na serikali duniani imejaa mifano ya vyombo vilivyoundwa kwa ajili ya watu, vikabaki na majina yao na mihuri yao, lakini kazi yao ikageuka kuwa kuwachuja watu na kuwatupa. Kisa cha dakika 50 kilichoweza kusema hayo mwaka 1967, tena katika kituo cha biashara kinachoishi kwa matangazo ya wenye viwanda, kinastahili sifa.

Kwa upande wa fani pia kuna mafanikio. Mwandishi hakumpa adui umbo la kutisha. Kampa umbo dogo, sauti tulivu isiyopanda wala kushuka, na adabu ya karani. Mtazamaji anaogopa zaidi kwa sababu hiyo, maana karani wa namna hiyo anamjua.

Sifa ya tatu ni Uhura mwenyewe. Mwanamke Mweusi, afisa mwenye cheo, aliye kazini si jikoni, lilikuwa jambo geni katika televisheni ya Marekani. Nichols alisimulia kwamba alitaka kuacha baada ya msimu wa kwanza, na Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki kwa sababu hiyohiyo. Tangu 1977 alifanya kazi na shirika la anga la Marekani, NASA, kuwahimiza wanawake na Weusi waombe nafasi ya uanaanga. Kundi lililochaguliwa mwaka 1978 lilikuwa na Sally Ride, Mmarekani mwanamke wa kwanza kwenda anga za juu, na Guion Bluford, Mmarekani Mweusi wa kwanza. Wote wawili walikwenda mwaka 1983. Sanaa ilisaidia kubadilisha hali halisi, na asiyetambua hivyo hamtendei haki mama huyo, aliyefariki mwaka 2022.

Kasoro

Kasoro ya kwanza ni wafu. Watu zaidi ya bilioni 4 wanatajwa mwanzoni kwa sentensi chache, kisha hawatajwi tena kwa uzito unaostahili. Hatuoni nyumba, wala kaburi, wala yatima. Mwishoni kapteni anataniana na wenzake juu ya mashine iliyowaua kana kwamba amefiwa na mtoto mwerevu. Mtazamaji wa New York huenda akacheka. Nilipokionyesha Bukoba mjini, wazee wawili darasani hawakucheka. Wao wanakumbuka mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka, yakaua, yakapora na kulivunja daraja la Kyaka. Kwa mtu aliyewaona jirani zake wakikimbia ng'ambo ya Mto Kagera na vitoto mgongoni, mauaji ya umma hayawezi kuwa utangulizi wa kuchangamsha hadithi. Sanaa inayoua mabilioni ili mashujaa wake sita wapate mkasa wa wiki inamfundisha mtazamaji kuhesabu watu kwa namna Nomad inavyohesabu.

Kasoro ya pili ni ushindi wa maneno. Kirk anaua mashine kwa kuijadili. Silaha hiyo ilikwisha kutumika katika kisa cha The Return of the Archons mapema mwaka huohuo, na ikatumika tena katika The Ultimate Computer mwaka 1968. Inapendeza, lakini inapotosha. Inadai kwamba chombo dhalimu kitajivunja chenyewe kikionyeshwa ukinzani wake. Historia haiungi mkono dai hilo. Ukoloni ulionyeshwa ukinzani wake kwa hoja safi kwa miaka mingi, na haukujilipua. Ulisukumwa na watu waliojipanga. Katika Enterprise wafanyakazi zaidi ya 400 wanasubiri tu kapteni mmoja aseme vizuri. Watengenezaji wenyewe walihisi kasoro hiyo, nadhani. Filamu ya kwanza ya Star Trek, ya mwaka 1979, ilichukua tena hadithi ya mashine ya Dunia inayomtafuta muumba wake, na safari hii haikuimaliza kwa mabishano.

Kasoro ya tatu ndiyo kubwa, nayo inahusu Uhura. Baada ya kumfuta, Nomad inaeleza kwamba fikra zake zilikuwa vurugu tupu. Inapoambiwa kwamba huyo ni mwanamke, inajibu kwa dharau kuhusu mwanamke, na hakuna mtu chumbani anayeipinga. Kisha binadamu aliyepoteza kila alichojifunza maishani anapewa tukio moja fupi la kufundishwa, na daktari anaahidi kwamba ndani ya wiki atarudi kazini. Katika visa vinavyofuata jambo hili haliulizwi kabisa. Scott aliuawa akafufuliwa. Uhura aliuawa akili, na kisa kikadhani naye amefufuliwa kwa njia ileile.

Kwa miaka mingi niliishia hapo. Niliwaambia wanafunzi: mashine ni somo, na Uhura ni kasoro ya waandishi waliokosa muda.

Darasa la Muleba

Baada ya Bukoba nilikionyesha kisa hiki Muleba, katika ukumbi mdogo, kwa makada wa kata na wageni wachache. Miongoni mwa wageni alikuwamo mama mmoja mwenye umri wa miaka sabini na kitu, aliyepata kuwa mwalimu wa kisomo katika miaka ya 1970. Nilimwamkia shikamoo, nikampa kiti cha mbele, na kusema kweli sikutegemea mchango wake. Nilimwalika kwa heshima ya umri.

Katika tukio la kufundishwa, Uhura anasoma kwenye kioo sentensi za mtoto wa chekechea, juu ya mbwa na mpira. Anakwama katika neno, anaudhika, na maneno yanayomtoka ni ya Kiswahili. Muuguzi anamrudisha kwa upole kwenye Kiingereza. Ukumbi wote ulicheka na kushangilia, kwa sababu lugha yetu ilisikika angani. Mama yule hakushangilia. Aliniomba nirudishe tukio nyuma, akaliangalia tena.

"Mwanangu," akasema, "wamesema huyu binti amefutwa kila kitu. Hakufutwa. Si umemsikia? Amekasirika, na amekasirika kwa Kiswahili. Kama kuna lugha, kuna mtu. Pale ndipo mlango ulipokuwa, na huyo muuguzi ameufunga."

Nikamjibu kwamba huenda ni kosa la mwandishi, kwa kuwa kichwa kilichofutwa kabisa kisingebaki na Kiswahili.

"Basi kosa lake ni kweli kuliko hadithi yake," akasema. "Na jambo jingine. Unamfundishaje mtu mzima kwa mbwa na mpira? Huyu alikuwa akiongoza mawasiliano ya meli nzima. Mpe mitambo yake. Mpe jina lake. Sisi tulipofundisha hapa, mama anayelima kibanja hatukumwanzishia mbwa. Tulimwanzishia mgomba, kwa sababu mgomba anaujua kunishinda mimi. Alikuja kutafuta kusoma mizani ya kahawa asipunjwe. Angeona mbwa na mpira, kesho yake asingerudi."

Sikuwa na jibu, nikafunga kikao mapema kidogo kuliko ratiba.

Kilichokuwa nyuma ya maneno yake

Mama yule hakuwa akizungumza kwa hisia tu. Alikuwa akizungumza kwa uzoefu wa mkoa huu. Mwaka 1968 ulianza mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, ukisaidiwa na UNESCO, katika mikoa minne ya Kanda ya Ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao tangu 1979 unaitwa Kagera. Msingi wake ulikuwa kwamba mtu mzima si mtoto aliyechelewa. Ana kazi, ana familia, ana ujuzi na ana lugha. Kusoma kuungane na hayo. Ndiyo maana vitabu vya kwanza vilizungumzia pamba, migomba, uvuvi, mifugo na afya ya nyumbani. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na njia hiyo ikaenea nchi nzima. Mwaka 1967, katika kila watu wazima 100, kiasi cha 67 hawakujua kusoma na kuandika. Mtihani wa taifa wa 1975 ulionyesha wamebaki 39, na ule wa 1986 ulionyesha chini ya 10.

Kwa hiyo katika kisa hiki mna mambo mawili yanayopambana, na waandishi waliliona moja tu. Waliona mapambano ya Kirk na Nomad. Hawakuona mapambano kati ya njia mbili za kumfundisha binadamu. Njia ya kwanza inamchukulia mwanafunzi kuwa debe tupu: kilichomwagika kimiminwe tena, kwa haraka, kwa lugha ya wakubwa, kuanzia sentensi ya kwanza ya kitabu. Njia ya pili inauliza kwanza: ndani ya mtu huyu kimebaki nini? Kisha inaanzia hapo.

Ukitazama kwa jicho hilo, muuguzi Chapel, pamoja na wema wake wote, yuko karibu na Nomad kuliko anavyofikiri. Mashine ilisema maarifa ya Uhura yalikuwa vurugu. Muuguzi anakichukulia Kiswahili chake kuwa vurugu ya kurekebishwa. Katika tukio lile Kiswahili kimewekwa kuwa lugha ya utoto na hasira, na Kiingereza kuwa lugha ya maarifa na ya kurudia kazi. Waandishi hawakukusudia dharau. Lakini fikra za kikoloni hazihitaji kusudio ili zifanye kazi. Huingia katika hadithi kama hewa inavyoingia chumbani.

Tusiwacheke waandishi wale upesi. Mtoto wa Muleba anayemaliza shule ya msingi kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza na kufundishwa kwa Kiingereza. Aliyekuwa akijibu maswali kwa ufasaha ananyamaza. Akisahau na kuuliza kwa Kiswahili, hurudishwa, mara nyingi kwa upole mdogo kuliko wa Chapel. Ameketi mbele ya kioo kilekile, na kuna mtu mzima mwema anayeamini kwamba anamjaza, wakati ukweli ni kwamba anamfuta. Tangu 1967 tumekuwa na jibu la swali hili kwa upande wa shule ya msingi na kisomo. Kwa upande wa sekondari bado tunajadili.

Kujikosoa

Uhakiki usiomgusa mhakiki ni nusu ya uhakiki. Nilikuwa nikisimama mbele ya makada nikiwaonya wasiwe Nomad, yaani wasitekeleze maneno waliyoyapoteza maana. Lakini je, niliwafundishaje onyo hilo? Niliandika ubaoni sifa tano za mashine na hatari tano za mashine, wakazinakili, na katika mtihani wakazirudisha kama zilivyo. Aliyerudisha zote alipata alama za juu. Aliyeandika habari za kijiji chake nilimwekea alama ya nyekundu kwamba ametoka nje ya mada. Ndivyo nilivyofundishwa nami katika chuo cha makada, na sikuwahi kujiuliza.

Mwongozo wa TANU wa 1971 ulimkataza kiongozi majivuno na kuwadharau watu, ukasisitiza kwamba wananchi washirikishwe katika mambo yao. Niliufundisha Mwongozo huo kwa kuwakaririsha vifungu. Sijui mfano bora wa kazi iliyobaki na jina lake huku kilichomo ndani kimebadilishwa. Mtoto aliyeibwa na majini, katika darasa langu, alikuwa somo lenyewe.

Tangu siku ile nimebadilisha utaratibu. Darasa la siasa Muleba sasa linaanza na dakika 30 ambazo mkufunzi haruhusiwi kusema. Wanafunzi wanaeleza jambo lililotokea katani mwao juma hilo: mgogoro wa shamba, bei ya kahawa, mkutano ulioahirishwa, zahanati isiyo na dawa. Kutoka hapo ndipo tunafungua kitabu. Kazi inakwenda polepole. Mtaala haumaliziki kwa wakati, na nimekwisha kuulizwa sababu na walio juu yangu. Nakiri kwamba upo wasiwasi wa haki: mjadala usio na mwelekeo nao hugeuka porojo, na mkufunzi asiye na msimamo hafundishi. Lakini kati ya kada anayejua vifungu 10 asivyoweza kuvitumia na kada anayejua vitatu alivyovipima katika maisha ya watu wake, Chama kinamhitaji wa pili.

Hitimisho

Tathmini yangu mpya ni hii. The Changeling ni kazi yenye wazo kubwa katika mashine yake na upungufu mkubwa katika huruma yake. Inawasahau wafu, inamtegemea shujaa mmoja mwenye maneno, na inamtupa pembeni mtu aliyepata hasara halisi. Pamoja na hayo, bila kukusudia, imehifadhi tukio moja lenye thamani kuliko mengine yote: mwanamke aliyesemekana hana kitu, akafungua kinywa, na Kiswahili kikatoka.

Wakufunzi wenzangu watakaokitumia kisa hiki wasilipite tukio hilo haraka kama nilivyolipita mimi. Wasimamishe picha hapo. Wawaulize wanafunzi: muuguzi angefanya nini? Kisha wao wenyewe wakae kimya, wasikilize.

Mama yule wa Muleba tumemwomba aje kila mwezi. Amekubali kwa sharti moja, kwamba darasa lisianze na kitabu.